Dhoruba imeua mifugo yako Marekani? Namna ya kuomba fidia FSA bila kurudishwa

Awe mtu yuko Kentucky, Texas, Idaho au Maine, malalamiko ni yaleyale: "Dhoruba imeniulia mbuzi. Nimeenda ofisi ya kilimo ya kaunti, wamenipokea vizuri, wamenisikiliza, halafu wakaniambia vielelezo havitoshi." Mbuzi walikufa kweli na hakuna aliyebisha. Kilichokosekana mara nyingi ni karatasi moja tu: ya kuonyesha walikuwa wangapi kabla hawajafa.

Mwongozo huu ni wa wenzetu wanaofuga mbuzi, kondoo, ng'ombe, nguruwe au kuku katika kaunti za mashambani huko Marekani. Unahusu hasa mpango uitwao Livestock Indemnity Program, ambao ofisini wote wanauita LIP. Unaendeshwa na Farm Service Agency, yaani FSA, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA. LIP humlipa mfugaji fidia ya mnyama aliyekufa kwa hali mbaya ya hewa, au aliyeuawa na wanyama na ndege wanaolindwa na sheria ya nchi. Fedha hizo si mkopo, na kuomba hakutozwi hata senti.

Kama hujapoteza mnyama bado, soma hivyohivyo. Hatua mbili za mwanzo hufanyika mifugo ikiwa hai.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Kusanya hivi kwenye bahasha moja, na picha zake zikae pia kwenye simu au barua pepe:

- Kitambulisho chenye picha na namba ya Social Security. Kama mnafuga kama kampuni au ushirika uliosajiliwa, namba yenu ya kodi.
- Uthibitisho wa uraia au kadi ya ukaazi wa kudumu, ile tunayoiita green card.
- Hati ya shamba, au mkataba wa kukodi wenye sahihi za pande zote mbili.
- Namba ya akaunti ya benki pamoja na namba ya benki yenyewe.
- Daftari la mifugo: waliozaliwa, walionunuliwa, waliouzwa, waliochinjwa, waliokufa.
- Risiti za mnada, za daktari wa mifugo, za chakula cha mifugo na za usafirishaji.
- Nakala ya marejesho ya kodi, hasa ukurasa wa Schedule F, ule wa mapato ya kilimo, kama huwa unaujaza.

Usipokuwa na vyote, usikate tamaa. Ila viwili havina mbadala: uthibitisho wa wewe ni nani, na uthibitisho wa idadi ya mifugo.

## Kabla ya yote, jipime kama unastahili

Mambo matatu huwaangusha watu wetu hapa, na yote hujulikana kabla hujapoteza siku kwenda ofisini.

Hadhi ya ukaazi. LIP ni ya raia na wakaazi wa kudumu. Mkimbizi ambaye bado hajapata green card anaweza kuwa anaishi Marekani kihalali kabisa na asistahili malipo haya. Sheria inamruhusu mkimbizi kuomba kadi hiyo baada ya mwaka mmoja nchini. Kama umeanza kufuga na hujaiomba, hilo litangulie.

Ufugaji wa biashara. Mnyama awe alifugwa kwa ajili ya kuuza yeye mwenyewe, maziwa, mayai, sufu au watoto wake. Mbuzi watano wa kuchinja kwenye harusi na sikukuu za nyumbani hawahesabiki, na mbwa wa kulinda zizi hahesabiki. Shida ni kwamba wengi wetu tunauza kweli, lakini tunauza kienyeji: mtu anakuja siku mbili kabla ya Idi, analipa taslimu, anapakia mbuzi wake, kwaheri. Kwa macho ya ofisi mauzo hayo hayakuwahi kutokea. Nunua kitabu cha risiti dukani, andika tarehe, jina la mnunuzi, mnyama na bei, kisha mtie sahihi wote wawili.

Umiliki. Kwa kawaida anayeomba awe ndiye mwenye mnyama siku alipokufa. Hapa ndipo vikundi vyetu hupata tabu. Watu sita wanachanga, wanakodi malisho pamoja, kila mmoja ana mbuzi wake mle ndani, kisha dhoruba ikipita anatumwa mmoja akaombe kwa niaba ya wote. Hilo halikubaliki. Ama kila mmoja aombe kwa mbuzi wake mwenyewe, ama kikundi kijiandikishe kisheria, kiwe na namba yake ya kodi, na mifugo iwe ya kikundi kwenye karatasi. Amueni mapema, maana kubadili umiliki baada ya vifo hakusaidii na kunaweza kuonekana kama udanganyifu.

## Hatua ya 1: Jiandikishe FSA kabla ya janga

Tafuta ofisi ya FSA ya kaunti yako. Mara nyingi imo kwenye jengo liitwalo USDA Service Center, pamoja na ofisi za uhifadhi wa ardhi. Piga simu upange miadi, useme unataka kufunguliwa kumbukumbu za shamba na kupewa namba ya shamba.

Kama Kiingereza chako hakitoshi, omba mkalimani siku hiyohiyo unapopanga miadi. Ukisubiri mpaka umefika mlangoni, mtaishia kupanga siku nyingine. Na tafadhali usimpeleke mtoto wa shule akutafsirie. Fomu hizi unazitilia sahihi chini ya sheria inayoadhibu maelezo ya uongo, na mtoto hawezi kujua uzito wa neno linalokosewa.

Siku ya miadi utajaziwa karatasi kadhaa. AD-2047 ni ya taarifa zako binafsi. CCC-902 inaeleza shamba linaendeshwaje na nani. CCC-941 inathibitisha kwamba wastani wa kipato chako hauzidi dola 900,000 kwa mwaka, jambo ambalo kwa wengi wetu ni la kucheka tu, lakini fomu isipokuwepo malipo hayatoki. AD-1026 inahusu utunzaji wa ardhi inayomomonyoka kirahisi na maeneo ya majimaji. Mwisho ni fomu ya benki ili fedha ziingie moja kwa moja.

Kwa nini ufanye haya mapema? Kwa sababu baada ya tonado au mafuriko ofisi hujaa, na mwenye namba ya shamba anashughulikiwa wakati wewe unaanza kutafuta mkataba wako wa kukodi kwenye nyumba isiyo na umeme.

*Onyo:* kukodi kwa mdomo kunawatesa watu. Mzee mwenye ardhi anaweza kuwa mtu mwema anayekuambia "we leta mbuzi tu", lakini FSA inahitaji kujua mnyama alikuwa kwenye ardhi ipi na kwa haki gani. Karatasi moja yenye majina, mipaka, muda na sahihi inatosha kuanzia.

*Utajua umefaulu* ukitoka ofisini na namba ya shamba, jina la mtumishi aliyekuhudumia, na nakala ya kila ulichotilia sahihi. Kama hukupewa nakala, ziombe kabla hujainuka kwenye kiti.

## Hatua ya 2: Jenga hesabu ya mifugo inayoaminika

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

FSA haiulizi tu wangapi wamekufa. Inauliza ulikuwa na wangapi siku ile kabla ya janga, wa aina gani na wa umri gani. Bila jibu lenye ushahidi, hesabu ya malipo haiwezi hata kuanza, kwa sababu vifo hulinganishwa na ukubwa wa kundi zima. Ndiyo maana picha za mizoga peke yake haziokoi ombi.

Anza na hereni za masikioni. Mbuzi na kondoo Marekani wana hereni rasmi za USDA, zilizowekwa ili kudhibiti ugonjwa wa skrepi, na kila moja ina namba ya kundi lako na ya mnyama mwenyewe. Ziombe. Mnyama mwenye namba ana historia. Asiye na namba ni "yule mweupe mwenye pembe moja", na hakuna fomu yenye nafasi ya maelezo hayo.

Halafu daftari. Si lazima liwe la kompyuta. Mstari mmoja kwa kila tukio, hivi:

*Machi 4. Jike 0117 amezaa mapacha, dume na jike.*
*Machi 19. Nimenunua majike 6 mnadani, hereni 0131 hadi 0136, risiti ipo.*
*Aprili 2. Nimeuza madume 3, risiti namba 22.*
*Aprili 9. Kitoto cha 0117, dume, amekufa kwa kuhara.*

Angalia mstari wa mwisho. Wengi hawaandiki vifo vya kawaida, eti ni aibu au haina maana. Andika. Daftari lisilo na kifo hata kimoja mwaka mzima halimshawishi mtu yeyote anayejua mbuzi, na wanaokaa kwenye kamati ya kaunti wanajua mifugo vizuri sana.

Kila mwisho wa mwezi hesabu kundi lote, andika jumla kwa makundi ambayo FSA yenyewe hutumia. Kwa mbuzi ni madume ya mbegu, majike ya kuzaa, na mbuzi wa kuchinja pamoja na watoto. Kwa kondoo ni madume, majike na wanakondoo. Ng'ombe ambao bado hawajakomaa hugawanywa kwa uzito, kwa hiyo weka kumbukumbu za mizani ya mnadani au hata makadirio ya daktari. Piga na video fupi ukitembea katikati ya zizi wakati wa kulisha, simu ikiwa imewashwa mahali na tarehe.

Daftari lako liungwe mkono na karatasi za watu wengine. Rekodi za chanjo, risiti za ununuzi, karatasi ya benki uliyoombea mkopo ukitaja mifugo kama dhamana, bima binafsi, marejesho ya kodi, karatasi za lori lililosafirisha: zote hukubaliwa kama ushahidi wa idadi ya mwanzo. Kama una uwezo wa kumwita daktari wa mifugo mara moja kwa mwaka tu, mwite siku ya chanjo ya kundi zima na umwombe aandike idadi kwenye ankara. Ankara hiyo ni chanjo na sensa kwa bei moja.

*Onyo:* usitunze haya yote ndani ya nyumba ya shambani pekee. Moto wa Smokehouse Creek uliowaka kaskazini mwa Texas mwaka 2024 uliunguza zaidi ya eka milioni moja, na maelfu ya ng'ombe walikufa. Moto wa namna hiyo hauchagui kati ya zizi na kabati la mafaili.

*Utajua umefaulu* pale mtu asiyejua kundi lako anapoweza kusoma karatasi zako na kusema, bila kukuuliza, ulikuwa na majike mangapi tarehe fulani.

## Hatua ya 3: Siku ya janga, piga picha kabla ya kuzika

Usalama wako kwanza, wanyama walio hai pili, ushahidi tatu. Lakini ushahidi uje kabla ya koleo na katapila.

Kwa kila mzoga piga picha tatu. Ya kwanza karibu kabisa, ionyeshe hereni na namba isomeke. Futa theluji au tope kwa kidole kama limefunika. Ya pili mnyama mzima, ionekane ni dume au jike, mkubwa au mdogo. Ya tatu ya mbali, mzoga pamoja na kitu kisichohama: ghala lililobomoka, uzio, mti uliopigwa radi, maji yaliyojaa. Mbuzi kumi waliolundikwa kwenye ndoo ya trekta ni picha moja tu ya lundo, haihesabu mbuzi kumi.

Usikate hereni ukaitupa. Iweke kwenye mfuko na uandike namba.

Kisha piga simu kwa daktari wa mifugo. Akifika na kuandika barua yenye tarehe, idadi na sababu ya vifo, umepata kielelezo chenye nguvu kuliko vingine vyote. Asipoweza kufika, mtafute shahidi wa nje. FSA inakubali maelezo ya mtu wa tatu kwenye fomu CCC-854 pale ambapo nyaraka nyingine hazitoshi, mradi idadi ya mwanzo ina uthibitisho. Shahidi huyo asiwe ndugu yako wala kibarua wako. Jirani Mmarekani aliyekuja na trekta lake kusaidia, dereva wa gari la kukusanya mizoga, afisa ugani wa kaunti: hao ndio. Binamu yako aliyekuja kulia na wewe hafai, hata kama aliona kila kitu.

Kuhusu kuzika, kila jimbo lina sheria yake juu ya muda na kina cha shimo, na muda huo ni mfupi. Mwulize daktari au ofisi ya kilimo ya jimbo. Ukitumia kampuni ya kuchukua mizoga, risiti yao yenye idadi ni ushahidi mzuri sana.

Wapo pia wanaoumia bila kufa, ukalazimika kuwauza kwa bei ya hasara. LIP inawagusa na hao, kwa hiyo tunza karatasi ya mauzo.

## Hatua ya 4: Hakikisha kilichoua kinakubalika

Radi, tonado, mafuriko, kimbunga cha baharini, mvua ya mawe, moto wa nyika, dhoruba ya theluji, joto lililopita kiasi na baridi iliyopita kiasi, vyote vimo. Dhoruba ya majira ya baridi ina sharti lake: iwe imedumu angalau siku tatu mfululizo, ikiwa na mchanganyiko wa upepo mkali, mvua ya barafu, theluji nyingi na baridi kali mno. Usiku mmoja wa baridi kawaida hautoshi.

Na mnyama awe amekufa ndani ya siku 60 tangu hali hiyo ilipokwisha. Kwa hiyo yule jike aliyedhoofu na kufa wiki tatu baadaye bado anaweza kuingia, lakini hapo barua ya daktari inayounganisha kifo na dhoruba ndiyo kila kitu.

Kwa upande wa wanyama wakali, sheria inaonekana ya ajabu mpaka uielewe. Wanaolipiwa ni walioliwa na wanyama waliorudishwa porini na serikali kuu, au wanaolindwa na sheria ya serikali kuu. Mbwa mwitu yumo. Tai wamo. Tumbusi weusi, wale wanaoshuka kwa makundi na kudonoa macho na ulimi wa mtoto anayezaliwa hata kabla mama hajamaliza, wamo pia kwa sababu wanalindwa na mkataba wa ndege wahamaji. Koyote, mnyama wa Marekani afananaye na bweha, hayumo, wala mbwa wa jirani. Ukiandika "mnyama wa porini" tu, umejifungia mlango. Piga picha majeraha, nyayo na manyoya, na uandike ni nani aliyeua.

Ugonjwa wa kawaida haulipiwi na LIP, ila ule uliosababishwa au kuchochewa na hali ya hewa inayokubalika. Kuna nafuu moja ambayo wengi hawaijui: tangu sheria ya kilimo ya mwaka 2018, watoto ambao hawajaachishwa kunyonya wakifa kwa hali mbaya ya hewa, ombi halikataliwi kwa hoja ya kwamba hukuchanja au hukuwatunza kwa namna fulani.

Ukame haumo. Nitaurudia mwishoni.

## Hatua ya 5: Toa taarifa, kisha ujaze ombi

Muda wa mwisho wa kutoa taarifa ya hasara na kuwasilisha ombi la LIP ni siku 60 baada ya mwaka wa kalenda ambao wanyama walikufa, yaani mwanzoni mwa Machi. Usiutumie wote. Piga simu wiki ileile ya janga, useme tarehe, mahali, aina na makadirio ya idadi. Andika kwenye daftari lako siku uliyopiga na jina la aliyepokea. Taarifa ya mapema humwezesha mtumishi kukuambia kinachopungua wakati shahidi bado anakumbuka na matope bado hayajakauka.

Fomu yenyewe ni CCC-852. Inauliza wanyama walikuwa wapi walipokufa, nini kiliwaua, tarehe, idadi ya mwanzo na idadi ya waliokufa kwa kila kundi. Namba hizo lazima zilingane na daftari, picha na barua ya daktari. Pakitofautiana hata mnyama mmoja, eleza kwa maandishi, kwa mfano kwamba mzoga mmoja ulisombwa na maji. Usiongeze mnyama ambaye hukuwa naye. Mbali na adhabu, utakuwa umewaharibia wenzako wote watakaokuja ofisi hiyo nyuma yako.

Kama kazi yako ya lori au kiwandani hairuhusu kwenda mchana, fomu FSA-211 inakuwezesha kumpa mtu uwezo wa kutia sahihi kwa niaba yako.

*Onyo:* wameibuka watu wanaojiita mawakala wa misaada ya serikali, wanataka "ada ya faili" au asilimia ya malipo. Ofisi ya FSA inakujazia fomu bure. Wala haitakutumia ujumbe wa simu ikikutaka namba ya kadi ya benki.

*Utajua umefaulu* ukiwa na nakala ya CCC-852 yenye sahihi yako na tarehe ya kupokelewa.

## Hatua ya 6: Elewa hesabu, usije ukadhani umeibiwa

Mtu anapoteza majike tisa, analipwa ya sita, anatoka akisema ni ubaguzi. Huenda ni hesabu tu. Kila jimbo limeweka kiwango cha vifo vya kawaida, asilimia ya kundi ambayo hutarajiwa kufa katika mwaka hata pasipo janga. LIP hulipa waliozidi hapo.

Kwa mfano tu, ukiwa na majike 60 na kiwango cha jimbo kikawa asilimia 5, vifo vya kawaida ni 3. Wakifa 9 kwenye mafuriko, utalipwa wa 6. Ungekuwa na majike 60 na wakafa 3, hulipwi kitu. Ndiyo maana nilisisitiza idadi ya mwanzo: ukitaja kundi dogo au kubwa kuliko lilivyo, unabadilisha hesabu hii, na watu wa ofisi wanalijua hilo.

Bei kwa kichwa hupangwa na USDA kila mwaka kwa nchi nzima. Kwa vifo vya hali ya hewa ni asilimia 75 ya wastani wa bei ya soko, na jedwali unaloonyeshwa ofisini huwa tayari limeshapunguzwa, kwa hiyo usikate tena. Kwa walioliwa na wanyama wanaolindwa, sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 ilipandisha malipo hadi asilimia 100. Sheria hiyohiyo iliongeza malipo kwa watoto waliokuwa tumboni mwa majike waliokufa kuanzia Januari 1, 2024. Kama ulipoteza majike wenye mimba tangu hapo, uliza waziwazi. Na hapa tena daftari la tarehe za kupandisha ndilo litakalokusemea.

Mbuzi wako wa mbegu uliyemnunua ghali hulipwa bei ya jedwali kama dume mwingine. Inauma, lakini usipoteze muda kubishana na karani. Yeye hakulipanga jedwali.

## Hatua ya 7: Kamati, barua na rufaa

Ombi huamuliwa na kamati ya kaunti, ambayo ni wakulima wa hapohapo waliochaguliwa na wenzao kwa kipindi cha miaka mitatu. Wanaweza kuomba vielelezo zaidi. Jibu kwa maandishi na kabla ya siku waliyotaja.

Ukikataliwa utapata barua. Usiikunje kwa hasira. Soma sababu na utafute tarehe, kwa maana una siku 30 za kuchukua hatua. Unaweza kuiomba kamati iangalie upya, kuomba usuluhishi, au kwenda National Appeals Division, chombo cha rufaa cha USDA kisicho chini ya FSA. Kwa maoni yangu, kama sababu ni "ushahidi pungufu" na sasa umepata barua ya daktari au risiti iliyokuwa imepotea, anza na kamati. Kama sababu ni tafsiri ya sheria, kamati ileile ni nadra kujigeuka, hivyo nenda juu.

Fedha zikiingia, kumbuka ni kipato. Utaletewa fomu 1099-G mwanzoni mwa mwaka unaofuata na itaingia kwenye marejesho yako ya kodi ya kilimo. Mwambie anayekujazia kodi. Wengi wanaojaza kodi za mishahara hawajawahi kuona Schedule F, na huko makosa ni mengi.

## Na ukame je?

Ukame una mpango wake, Livestock Forage Disaster Program, na haulipi mnyama aliyekufa. Unalipa sehemu ya gharama ya chakula kwa mwezi pale malisho yanapokauka. Hutegemea ramani ya ukame ya taifa, U.S. Drought Monitor, inayotolewa kila Alhamisi na kupanga maeneo kuanzia D0, ukavu wa kawaida tu, hadi D4, ukame mkali kabisa. Tangu sheria ya Julai 2025, kaunti ikikaa D2 kwa wiki nne mfululizo katika msimu wa malisho, hupata malipo ya mwezi mmoja. Wiki saba kati ya nane, miezi miwili. D3 wakati wowote, miezi mitatu. Kumbe usiku wa kuamkia Ijumaa ndio wa kuangalia kaunti yako imepakwa rangi gani.

Kuna na mpango wa tatu, ELAP, unaosaidia mambo kama gharama za kusomba maji na kusafirisha chakula cha mifugo wakati wa ukame. Tunza risiti za mafuta na andika maili.

Wanaokosa fedha za ukame huko wengi wao hawakukosea fomu ya ukame yenyewe. Hawakuwahi kuripoti eka zao za malisho kwenye fomu FSA-578, kwa hiyo FSA haioni malisho ya kuyalipia. Ripoti hiyo ina tarehe yake ya mwisho kila mwaka, na hutofautiana kwa jimbo na aina ya nyasi. Iulizie siku ileile unayofungua namba ya shamba, uiandike ukutani.